Usiguse Mabaki

Nachingwea,
9 Oktoba 2024

Mama Zuhra, mke wangu,

Salaam nyingi. Huku tumebaki wawili, mimi na kompyuta, na mgonjwa ni kompyuta. Nakuandikia kwa sababu juzi tulimaliza salio lote, mimi napiga kelele huku, wewe juu ya kichuguu unatafuta mtandao, na nilichosikia ni upepo tu. Barua hii nampa Shaibu, kondakta wa Noah ya Ruangwa. Na wewe mpe majibu yeye huyohuyo.

Kompyuta imejaa. Kila nikitaka kuingiza kitu inaniletea kale kadirisha kake kwamba nafasi hakuna. Nimeizima na kuiwasha, nimeipuliza vumbi, nimeigonga ubavuni kama tulivyokuwa tukiigonga redio ya babu. Wapi! Na Jumamosi ya tarehe 19 ni harusi ya Agatha na Maximilian pale parokiani, kamera mbili, kuanzia kupambwa kwa bibi harusi mpaka keki. Baba yake Agatha, Mzee Kasmiri, kila akipita hapa studio anachungulia na kuniuliza kama nimejiandaa. Namwambia nimejiandaa. Sasa picha zao nitaziweka wapi, kofiani?

Humo ndani ulipanga wewe. Mimi kazi yangu kushika kamera, kukata na kupanga ni mkono wako, na tangu uende kumuuguza mama naona kila kitu kimenigeuzia kisogo. Nieleze nifute nini. Kuna folda moja umeiita MABAKI, ni kubwa kupita zote. Nimeifungua nimekuta vitu vya ovyo: miguu ya watu, kuku anakatiza, kamera imeachwa inatazama ua wa mtu. Naona huyo ndiye mlaji wetu.

Mama anaendeleaje? Mfikishie salamu za mkwewe, za mbali na za heshima. Zuhra mbusu mashavu yote mawili, asije akalalamika.

Mumeo,
Harithi


Nandagala,
12 Oktoba 2024

Baba Zuhra,

Usiguse MABAKI. Nimelitanguliza hilo hata kabla ya salamu kwa sababu nakujua, ukishafika kwenye salamu unakunja barua.

Haya, hujambo mume wangu? Sisi tunaendelea.

Sikiliza. Unapofuta kitu hapo hakiendi mbali, kinaangukia kwenye kapu la taka na kinakaa humohumo kinakula nafasi ileile. Lile kapu hujapata kulimwaga tangu tuinunue kompyuta. Limwage leo. Ukimaliza, nenda mahali vinapokaa vile unavyopakua mtandaoni. Utakutana na mechi zako. Bwana, mechi ambayo matokeo unayajua na timu yako ilifungwa, unaiweka ya nini? Futa. Kisha kuna zile harusi tulizokwisha kuwakabidhi wenyewe, kila moja ina nakala mbili, kwa sababu kila ukihofia umeme unahifadhi tena kwa jina jingine. Acha moja, nyingine itoe. Hapo utapata nafasi ya harusi tatu, siyo moja.

MABAKI yana sababu yake. Unamkumbuka bibi Dionisia, yule aliyekuwa akiuza mbaazi karibu na stendi? Alipofariki wewe ulikuwa Masasi. Wanawe walikuja studio wanatafuta picha ya kuweka msalabani, hawana hata moja. Nikahangaika, nikampata kwenye vipande vya harusi ya watu wengine kabisa, amekaa nyuma ya spika anatafuna muwa. Walilia pale dukani kwetu, na mimi nikalia nao. Tangu siku ile kipande nisichokihitaji kwenye harusi sikitupi. Nakiweka humo.

Mama leo amekunywa uji kidogo. Korosho zimeanza kudondoka, naokota asubuhi kisha narudi kukaa naye. Jana aliuliza habari zako, ameelekea ukutani kama kawaida yake: "Mwenye kamera hajambo?" Miaka yote hii hajakutaja kwa jina, na wewe hujapata kumtazama usoni, ukwe wenu ni ule wa zamani hasa. Nikamwambia hajambo, kompyuta yake imejaa. "Imejaa nini?" Nikasema imejaa watu. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi awasogeze wakae vizuri," akasema, "watu hawafukuzwi harusini."

Mkeo,
Mwantumu


Nachingwea,
17 Oktoba 2024

Mama Zuhra,

Barua yako nimeipata leo. Noah ya Shaibu ilikaa gereji siku kadhaa, na yeye bila aibu alikuwa anatembea nayo mfukoni mwa suruali.

Habari njema ni kwamba nafasi imepatikana, nyingi tu. Kompyuta sasa inakimbia. Mechi nimezifuta, na ile tuliyofungwa nimeanza nayo. Kapu nimelimwaga. Kuhusu ile folda nimekuelewa kabisa, na habari ya bibi Dionisia imenigusa, sikuwa naijua.

Usijisumbue tena na mambo ya kompyuta. Mwangalie mama. Mwambie mwenye kamera hajambo, na kwamba maneno yake ameyasikia.

Jumamosi nikimaliza harusi nitakuja kuwaona.

Harithi


Nandagala,
25 Oktoba 2024

Baba Zuhra,

Asante kwa kuja kumzika mama. Nilikuona kwa mbali upande wa wanaume, umeshika jembe, jasho linakutoka na kanzu imejaa udongo mwekundu. Nilitamani tuongee hata neno moja, lakini ndani nilizungukwa na kina mama, na nilipopata nafasi ya kutoka wakaniambia umeshapanda gari. Najua una kazi ya watu. Sikulaumu.

Nilikuficha. Kila nilipoandika mama anaendelea, alikuwa haendelei. Sikutaka uiache harusi ya watu uje kukaa hapa ukitazama miguu yako.

Zuhra hajaelewa. Kila asubuhi anataka uji wa bibi uwekwe kwenye kikombe chake, na kikishajaa anakipeleka mpaka mlangoni mwa chumba, anasimama. Ana miaka mitatu. Nimekuwa nikijiuliza mtoto wa miaka mitatu anamkumbuka mtu mpaka lini. Mimi babu yangu nilimjua nikiwa na umri huohuo, na leo simkumbuki hata pua.

Mume wangu, mama hana picha. Ile ya kitambulisho imefifia imebaki kilemba. Na katika harusi zote ulizopiga za ukoo wetu mama hayumo hata moja. Wewe unajua kwa nini. Kila alipoingia mbele ya kamera uligeuza, ukapiga mti au ukapiga maspika. Watu waliokuwa hawajui walidhani hujui kazi. Mimi nilijua ni adabu, na mama alijua, na alikusifu kwa hilo.

Ila harusi ya Hadija, mtoto wa mjomba, uliiacha kamera kwenye miguu yake mitatu ukaenda msikitini, na ikaendelea kupiga uani kwa wapishi. Mama yumo. Hajui kama anapigwa, anapakua wali na kuongea na wenzake. Kipande kile nilikikata mwenyewe nikakiweka MABAKI.

Nitolee hicho tu. Niwekee kwenye flashi umpe Shaibu. Sina ninalolitaka jingine duniani kwa sasa.

Mwantumu


Nachingwea,
27 Oktoba 2024

Fundi Abdulatifu, Ruangwa mjini,

Ndugu yangu, mimi ni Harithi wa studio, uliwahi kunitengenezea kompyuta mwaka juzi. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu hili siwezi kulisema kwa mdomo.

Nilikuwa na folda ya vipande vya video, kubwa sana. Mke wangu aliniandikia nisiiguse, lakini barua ilichelewa, na mimi sikuweza kusubiri, nilikuwa na harusi mbele. Nikaifuta tarehe 14. Ilikuwa kubwa hata kapu la taka likaikataa, kompyuta ikaniuliza kama nataka iondoke moja kwa moja, nikabonyeza ndiyo. Barua ilipofika sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nikamwandikia nimemwelewa.

Sasa mama yake amefariki, na sura yake pekee ilikuwa humo.

Harusi ile niliipiga Jumamosi. Jumapili asubuhi nilianza kuingiza memori kadi ya kwanza kwenye kompyuta, na ndipo nikapigiwa simu ya msiba nikachomoa. Kadi nyingine zote bado ninazo mkononi. Je, kuna namna yoyote? Nijibu kwa mikono ya Shaibu huyuhuyu, na usimweleze kitu, maneno yake huishia kwa mke wangu.

Harithi


Ruangwa mjini,
28 Oktoba 2024

Harithi,

ZIMA HIYO KOMPYUTA. Ukimaliza kuizima ndiyo uendelee kusoma.

Ulichofuta hakijaondoka. Umeng'oa jina mlangoni, lakini ndani wapangaji bado wamo, mpaka aje mwingine apewe chumba chao. Kila utakachoingiza humo kitamtoa mtu nje. Ile kadi ya Jumapili imeshatoa watu, sijui ni akina nani. Usiingize harusi ya watu. Usiingize hata wimbo. Usiiwashe kuangalia kama ipo.

Chomoa waya, ifunge kwenye shuka, ilete mwenyewe, usimpe kondakta. Sikuahidi kitu.

Pole kwa msiba.

Abdulatifu


Nandagala,
6 Novemba 2024

Harithi,

Leo nakuita kwa jina.

Nimesubiri flashi mpaka nimeona haya kumuuliza Shaibu. Leo yeye ndiye aliyeniambia, tena huku anacheka, kwamba studio imefungwa, na kwamba wewe mwenyewe amekuona Ruangwa mjini umekaa kwenye duka la fundi unakunywa chai. Siyo mara moja. Ruangwa mjini na hapa ni pua na mdomo. Umeshindwa kupanda bodaboda ukaja kumwona mtoto wako?

Na nimesikia jingine. Agatha amempigia simu Hadija anauliza kama mume wangu ana akili timamu, kwa sababu umemrudishia kadi zake na kumwambia atafute mtu mwingine wa kumkatia harusi yake. Mzee Kasmiri anasema hatakanyaga tena dukani kwetu. Jina lile tulilijenga wote wawili, Harithi. Usiku ngapi nimekaa pale nikikata, Zuhra yuko mgongoni?

Nilikuomba kitu kimoja. Ni kufungua folda, kuchagua, kuhamisha. Hata wewe unakiweza. Kama msiba wetu umekuchosha, sema. Kama kuna jambo jingine huko mjini, sema pia, mimi ni mtu mzima. Ninachoshindwa kukibeba ni huku kunyamaza kwako. Nimemzika mama, siwezi tena kukaa nakisia kuhusu wewe.

Mwantumu


Ruangwa mjini,
9 Novemba 2024

Mke wangu Mwantumu,

MABAKI niliifuta. Niliifuta kabla barua yako haijafika, na ilipofika nikakudanganya. Mambo yote uliyoyasikia yametoka hapo. Hakuna mtu mwingine na hakuna jambo jingine.

Siku ya mazishi nilikimbilia gari kwa sababu nilimsikia mjomba wako akisema dada yake Mwanamvua hakuacha hata picha, na mimi nikamkumbuka bibi Dionisia, nikahofia kwamba kama mama alikuwamo popote, alikuwamo MABAKI. Niliogopa ungeniuliza uso kwa uso.

Fundi Abdulatifu alinikataza kuingiza chochote kwenye kompyuta, maana kila kipya kingefuta cha zamani. Fikiria adhabu hiyo. Nimepata nafasi kubwa kuliko niliyoililia, na siruhusiwi kuitumia hata chembe. Harusi ya Agatha ningeiweka wapi? Nikamrudishia kadi zake. Sikumweleza sababu, maana ningemweleza yeye kabla yako. Mzee Kasmiri amenitukana barazani, na alikuwa na haki. Hilo duka tutalijenga tena, ukikubali.

Kuja Nandagala niliogopa. Siku mbili nilifika mpaka walipo bodaboda, nikauliza bei, nikarudi.

Sasa nikueleze vinavyorudi. Vitu vilivyofutwa vinarudi bila majina, vina namba tu, na havina mpangilio. Kumjua aliyemo lazima ufungue kimoja kimoja. Vingi vimekufa, unaona rangi ya kijani na mistari. Nimewatazama watu wa Nachingwea na Ruangwa nzima, Mwantumu. Wanaofunga viatu, wanaogombania soda, mzee analala kwenye kiti huku muziki unapiga karibu na sikio lake. Nusu yao nimewajua kwamba ni marehemu. Na mimi nilikuandikia kwamba ni vitu vya ovyo.

Juzi mchana nikafungua kimoja, nikaona ua wa kwa mjomba, masufuria, moshi, na kina mama wameipa kamera mgongo. Mmoja akageuka. Nikageuza uso. Niko peke yangu mbele ya kioo, mama mwenyewe yuko kaburini, na bado nimegeuza uso nikatazama ukuta wa fundi. Abdulatifu akauliza vipi, nikamwambia ni mkwe. Akainuka akatoka nje. Ni mtu wa kwetu.

Sikumtazama. Nimesikiliza tu. Kipande hakikupona chote. Fundi ameniambia picha inakwenda vizuri mwanzo, kisha inakatika vipandevipande, na mwishoni kioo ni cheusi. Lakini sauti imebaki mpaka mwisho. Pale kwenye giza kuna mlio wa mwiko kwenye sufuria, halafu mama anasema, sauti yake ileile niliyoizoea kuisikia kupitia ukutani: "Hiyo minofu niachieni. Sahani hii ya mwenye kamera. Tangu alfajiri yuko juu ya miguu yake, hakuna aliyemuuliza kama amekula. Ifunikeni, mkaiweke chini ya hiyo mashine yake, na asiambiwe nani katoa." Mwingine anamtania kwamba anampenda mkwe kuliko binti yake. Mama anacheka. Hapo ndipo inaisha.

Mwantumu, kila harusi ya Nandagala nilikuta sahani imefunikwa chini ya kamera. Kila harusi. Nilidhani ni wewe. Nilikuwa nakushukuru, nawe unatabasamu tu.

Kwa hiyo katika miaka yote niliyokuwa nageuza kamera asionekane, yeye alikuwa ananiona. Nimelia dukani kwa watu bila kuona haya.

Flashi iko ndani ya bahasha hii. Sikuikata wala kuipamba, ipo kama ilivyorudi. Zilizopona nyingine ziko kwenye diski ya pembeni niliyoinunua, na nakala yake iko kwa fundi. Sikuombi jibu. Ukitaka nije, nitakuja. Ukitaka nisije, mbusu Zuhra.

Harithi


Nandagala,
13 Novemba 2024

Baba Zuhra,

Nimekasirika, na nataka ulijue hilo kwanza. Siyo kwa kufuta. Mtu yeyote angeweza kufuta, na barua ilichelewa. Nimekasirika kwa ile "nimekuelewa kabisa". Uliniacha peke yangu na hasira za bure wakati tungelia pamoja. Na mimi nilikuficha hali ya mama, kwa hiyo nadhani tumelipana. Tusirudie, wote wawili.

Flashi tumeichomeka kwenye runinga ya kwa Hadija. Wanawake wote waliokuwa uani siku ile walikuja, walikaa chini kwenye mikeka. Mama alipogeuka, Zuhra alisimama akaenda mpaka kwenye kioo akamwambia, "Bibi, toka." Akamsubiri. Kisha akaniuliza kwa nini bibi hatoki, nikamwambia anapika, ana wageni wengi. Amekubali. Asubuhi ya leo hakupeleka uji mlangoni, ameunywa mwenyewe.

Ilipofika kwenye giza nilitaka kuzima, kina mama wakanikataza. Tukakaa tunatazama kioo cheusi na kusikiliza. Waliposikia habari ya sahani walicheka sana, kila mmoja anasema alikuwa yeye aliyetumwa kuifunika. Ndiyo, nilijua. Alinikataza kukuambia. Alisema ukijua utaona haya kula, na mtu mwenye haya hashibi. Kwa hiyo nilitabasamu, na shukrani zako zote nilikuwa nampelekea yeye jioni.

Kwa Agatha nitakwenda mwenyewe. Ni mwanamke mwenzangu, nikimweleza ataelewa, na Mzee Kasmiri atamsikia binti yake.

Arobaini ni tarehe 28. Usije siku hiyohiyo kama mgeni, njoo mapema, na uje na kamera zote mbili. Mjomba ameruhusu. Piga watu, wote, wazee uwaanze, na usigeuze kamera kwa yeyote. Nitakaa nawe pale pembeni nikuonyeshe nani ni nani ili tuandike majina.

Na mchana miguu ikikuuma, inama uangalie chini ya mashine. Wapishi wamenikabidhi kazi hiyo.

Mkeo,
Mwantumu